Sura ya Tisa: Moshi Tunaujua, Nyama Yake Bado

Mtu wa Musoma hahitaji kufundishwa moshi. Ukishuka Mwigobero, kunakotia nanga mitumbwi, utakuta samaki wa kubanikwa wamepangwa mezani na kwenye matenga, ngozi zao zina rangi ya shaba, na harufu yao imekufikia kabla hujawaona. Mnunuzi haulizi wamepikwaje. Anabonyeza mgongo kwa kidole, ananusa karibu na kichwa, na papo hapo anajua kama kuni zilikuwa kavu na kama moto uliharakishwa. Huo ni utaalamu, ingawa hakuna anayeuita hivyo.

Mtu huyohuyo akihamia kwenye nyama ya ng'ombe, utaalamu wote anauacha sokoni. Ataagiza choma: nyama juu ya mkaa mkali, robo tatu ya saa, chumvi, ndimu, pilipili ya kuponda. Mimi pia naipenda choma na sina ugomvi nayo. Lakini choma ni kazi ya mkaa. Moshi wenyewe, ule wa kuni unaozunguka nyama usiku kucha mpaka mshipa mgumu unayeyuka na mafuta yanageuka kuwa mchuzi ndani kwa ndani, majirani zetu wengi wa Mara wameuonja kwenye samaki tu. Kwenye nyama hawajauonja.

Wapo wanaotaka kuwaonjesha kwa kuleta Texas nzima: video za intaneti, sosi tamu za chupa, kidari kikubwa cha ng'ombe aliyenoneshwa kwa mahindi. Nawaheshimu wapishi wa Texas. Utamaduni wao ulijengwa na wachinjaji Wajerumani na Wacheki waliohamia huko karne ya 19, na kwa kiasi kikubwa na Wamarekani weusi, ambao tangu enzi za utumwa ndio waliokesha kwenye mashimo ya moto wakiwapikia wengine. Kreuz Market ya Lockhart inauza nyama ya moshi tangu mwaka 1900. Hata hivyo, anayetaka jirani yake wa Nyakato au Bweri aikubali nyama hii asianzie Lockhart. Aanzie kwa akina mama wa samaki.

Walivyoujua moshi ni hadithi ya sangara. Sangara si mzaliwa wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshika ziwa zima na karibu kuwamaliza furu, wale samaki wadogo waliokuwa kitoweo cha kila siku. Furu alikuwa rahisi kuhifadhi: unampasua, unamwanika, jua linamaliza kazi. Sangara hakubali jua. Ni mkubwa, nyama yake nene na ina mafuta, ataoza kabla hajakauka. Moto na moshi vikawa lazima. Halafu viwanda vya minofu vikaja, Musoma pia, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na nyuma yakabaki mapanki, yaani vichwa na mifupa ya mgongo, ambayo wanawake walinunua, wakakaanga na kubanika, wakasomesha watoto. Katika umri wa mama mmoja tu, ukanda mzima wa ziwa ulijifunza kumpika kwa moshi mnyama mwenye mafuta. Gharama yake ilikuwa miti, na gharama hiyo bado tunailipa.

Mwangalie mama huyo kazini. Jiko lake ni la matofali au udongo, urefu wa kiuno, juu limetandikwa wavu wa chuma. Hawashi moto na kuweka samaki hapohapo. Anauacha moto uwake, uchangamke, utulie, ndipo anapanga samaki na kufunika. Moshi ukitoka mweupe na mzito anajua kuni zinanyimwa hewa au zina maji, anafungua mdomo wa jiko kidogo. Anautaka ule moshi mwembamba unaokaribia buluu, ambao usipotazama vizuri utadhani haupo. Moshi mzito huacha uchungu unaoganda ulimini, na samaki wa namna hiyo hurudi nyumbani bila kununuliwa. Mpishi wa Texas akifika hapo hatakuwa na la kumfundisha kuhusu moto. Kitakachobadilika ni muda tu, na kinacholala juu ya wavu.

Nyama ya ng'ombe ina tabia zake. Sehemu zinazofanya kazi sana mwilini, kama kidari na bega, zimefungwa kwa kolajeni, ile mishipa myeupe inayokuacha unatafuna mpaka taya linauma. Ukiichoma haraka, kolajeni hujikunja na kukaza. Ukiiweka kwenye joto la nyuzi 110 hivi kwa saa nyingi, huanza kulegea nyama inapokaribia nyuzi 70 ndani, na polepole hugeuka jelatini. Hapo ndipo mpishi mgeni hupoteza subira, kwa sababu karibu na nyuzi hizohizo 70 joto la ndani husimama. Saa moja, saa mbili, wakati mwingine zaidi, halipandi. Nyama inatoa jasho, na jasho likikauka linaipoza, kama linavyotupoza sisi. Anayeongeza kuni kwa hasira ataunguza ngozi na kuacha ndani kama soli. Anayesubiri atafika nyuzi 93 au 95, na wakati huo spoki ya baiskeli inapita katikati bila kukwama.

Ng'ombe wetu ni zebu, mfupi wa pembe, mwembamba, anayetembea kutafuta majani. Kidari chake ni chembamba na mafuta yake machache. Ukikipika kwa maelekezo ya kitabu cha Kimarekani utapata ubao wa chumvi. Mungu, hata hivyo, amempa zebu kitu ambacho ng'ombe wa Texas wengi hawana: nundu. Kata nundu katikati uone jinsi mafuta yalivyotawanyika ndani ya nyama, uzi kwa uzi. Brazil, ambako ng'ombe wengi ni wa damu ya zebu kutoka India, nundu inaitwa cupim, na wanaijua kuwa nyama ya kupikwa taratibu kwa saa nyingi. Sisi tunao ng'ombe wenye nundu tangu enzi za mababu, nasi tunaikatakata na kuichanganya na mifupa kwenye kilo ya mchanganyiko. Kama kuna jambo moja ningeomba msomaji wa Mara akumbuke katika sura hii, ni kwamba nyama ya moshi ya kwetu ni nundu. Kidari ni cha siku nyingine.

Kuipata kunahitaji urafiki na mwenye bucha. Bucha zetu hukata kwa shoka na panga, na ifikapo saa mbili asubuhi ng'ombe mzima ameshakuwa vipande. Pita jana yake umwambie, "Kaka, kesho nundu usiiguse, niachie nzima, ya fahali kama ipo." Ya fahali ni kubwa kuliko ya jike. Hakikisha mhuri wa mkaguzi upo, kwa kuwa kimeta si ugonjwa wa kuchezewa. Halafu usiipike siku hiyo. Nyama ya alfajiri inayouzwa asubuhi bado imekakamaa. Ipake chumvi nyingi na pilipili manga ya kusaga, ilaze kwenye friji au kwenye deli la barafu kama la wavuvi usiku mzima. Tofauti utaihisi kwenye jino.

Jiko ni pipa la lita 200. Lililobeba mafuta ya kula ndilo bora. Lililobeba kemikali au lami liache kabisa, hata likichomwa mara kumi. Fundi wa kuchomelea akutobolee mlango chini, akupitishie nondo katikati za kubeba wavu, akutengenezee mfuniko wenye bomba fupi. Wavu usiwe wa chuma kilichopakwa zinki, maana zinki ikipata moto hutoa hewa ya sumu. Butiama, ambako mawe ya matale yamejaa kila kilima na udongo wa kichuguu haununuliwi, ningejenga kwa mawe na udongo huo badala ya pipa, kwa sababu ukuta mnene hushika joto na hula kuni kidogo. Vyovyote utakavyojenga, weka sinia la bati lenye maji kati ya moto na nyama. Mafuta yakidondokea makaa huungua, na moshi wa mafuta yaliyoungua una kemikali zinazohusishwa na saratani. Afrika Magharibi wamelifanyia kazi tatizo hili kwenye samaki kwa miaka mingi: jiko la Chorkor, lenye jina la kitongoji cha wavuvi cha Accra, lilipunguza kuni, na baadaye Senegal likatoka jiko la Thiaroye, lililobuniwa pamoja na FAO, ambalo hukinga mafuta yasifike motoni. Sinia letu la bati ni mdogo wao.

Kuhusu kuni sitaki utani. Mpera ni mzuri sana, moshi wake ni mtamu na mpole, na matawi yake yanapogolewa kila mwaka bila kuua mti. Mgunga huwaka sawasawa na makaa yake hudumu. Mkaratusi una mafuta makali, utaifanya nyama inuke dawa ya kifua. Msonobari una utomvu, unatoa masizi. Mwarobaini huchomwa kufukuza mbu. Na mnyaa, ule wa ua uliozunguka nusu ya nyumba za mkoa huu, usiuingize jikoni hata kijiti kimoja: utomvu wake ni sumu, na moshi wake huchoma macho na koo. Mtoto anayetumwa kuleta kuni aambiwe hivyo kwa maneno, asiachwe akisie.

Sasa majirani wenyewe.

Wasabato walifungua vituo vyao Mara kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na leo ni vigumu kukuta mtaa wa Musoma au kijiji cha Bunda kisichokuwa nao. Nguruwe hawali. Sabato yao huanza Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama. Waislamu nao wapo, na nguruwe hawali. Mtu aliyesoma kwamba nyama ya moshi halisi ni bega la nguruwe, akaiandaa Jumamosi mchana, amewafungia mlango majirani zake wengi kabla hawajanusa chochote. Nundu ya ng'ombe aliyechinjwa machinjioni na Mwislamu haimtengi yeyote. Na kalenda yenyewe inatusaidia: Jumamosi jua likishazama, washa moto. Saa mbili usiku nyama iwe juu. Alfajiri ya Jumapili iko tayari au inakaribia. Ifunge kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni likalegea, itie kwenye deli kavu na mataulo, nayo itabaki ya moto hadi watu watoke kanisani. Mapumziko hayo ni sehemu ya upishi, kwa sababu nyama iliyokatwa papo hapo humwaga maji yake yote mezani.

Usiku huo usiukeshe peke yako. Mama wa samaki, kijana wa bodaboda anayesubiri wateja, mzee asiyepata usingizi, wote watasogea kwenye moto, na kila mmoja atakuwa na neno. Waache waseme, tena waulize. Aliyechochea kuni saa nane za usiku hatakuja kuidharau nyama hiyo mchana.

Mchana utapata upinzani wa aina tatu, na zote zina haki ya kujibiwa kwa heshima. Wa kwanza atatazama ngozi nyeusi aseme imeungua. Mkatie kipande chembamba cha ukingoni, usimweleze kitu, ale. Huo weusi ni chumvi, pilipili, mafuta na moshi vilivyoshikana, na ndio watu huishia kuugombania. Wa pili ataona utepe wa rangi ya waridi chini ya ngozi aseme, "Hii mbona mbichi?" Hapa jibu linahitajika, hasa mbele ya mama mwenye watoto, kwa sababu kwetu nyama yenye wekundu ni nyama isiyoiva, na tahadhari hiyo imeokoa watu. Mwambie kwamba hewa inayotoka kwenye kuni zinazoungua huingia nyamani na kuishikilia rangi isipotee, na kwamba nyama hii imekaa motoni saa kumi. Kisha ichome kwa spoki mbele yake.

Wa tatu ndiye mgumu. Ni mzee ambaye anapenda nyama inayopigana. Atatafuna mara mbili, atakuta imeisha, atasema hiki ni chakula cha mtu aliyeng'oka meno. Simlaumu. Kutafuna ni nusu ya raha ya choma, ni muda wa mazungumzo, na nyama laini kupita kiasi inamnyang'anya hayo. Kwa ajili yake itoe nundu mapema kidogo, kwenye nyuzi 88 au 90, ibaki na ukaidi. Wamarekani wataona ni kosa. Lakini hawapo mezani.

Na wote watatu uwawekee kichuri. Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kukunja uso, ila Mara haiombi radhi: ni maji machungu ya majani aliyokula mnyama, yanayokamuliwa kutoka tumboni, yakachujwa na kuchemshwa, na nyama choma bila hayo kwa Wakurya wengi haijakamilika. Nyama iliyojaa mafuta inadai kitu cha kuyakata. Carolina ya Kaskazini hutumia siki yenye pilipili. Sisi tuna kichuri, na kwa ulimi wangu uchungu wake unafanya kazi hiyo vizuri kuliko siki, kwa sababu hauongezi ukali, unasafisha mdomo na kukurudisha kwenye kipande kinachofuata kama ndio unaanza. Sosi tamu ya chupa iache dukani. Sukari juu ya nundu ya moshi inaficha kile ulichokesha ukikitafuta. Ugali uwe wa udaga ikiwezekana, maana uchachu wake unaendana na moshi, na mboga iwe chungu: mgagani au mnavu.

Bunda inahitaji neno la peke yake. Baadhi ya vijiji vya wilaya hiyo vinapakana na Hifadhi ya Serengeti, na huko nyama nyeusi iliyokaushwa ina historia. Nyama ya porini hukatwa vipande, ikakaushwa kwa jua au moshi, ikauzwa kwa siri, na watu wamefungwa kwa ajili yake. Jirani akiona umekuja na bonge jeusi linalonuka moshi anaweza kukaa mbali kwa sababu isiyohusu ladha kabisa. Basi pika hadharani. Pipa likae mbele ya nyumba, nundu ionekane ikiwa mbichi na mhuri wake, na risiti ya bucha iwe mfukoni, hasa kama utaisafirisha. Anayetamani nyamapori, tangu mwaka 2020 zipo kanuni za mabucha yenye leseni, aende huko. Moshi wetu usitumiwe kuficha kitu, kwa sababu ukishapata jina hilo kijijini, hakuna atakayeuonja tena.

Butiama nayo ina desturi yake ya kugawa. Katika jamii nyingi za Mara mnyama hugawanywa kwa daraja: kipande cha wazee, cha wajomba, cha akina mama, cha vijana waliochinja. Wanaopika kwa mtindo wa kigeni hukatakata kila kitu kwenye sinia moja na kumwambia kila mtu ajisevie, kisha wanashangaa wazee wameguswa vibaya. Uliza kabla hujakata. Kama mzee wa nyumba anataka kukata mwenyewe, mpe kisu na umwonyeshe nyuzi za nyama zinaelekea wapi ili azikate kwa kuzivuka. Mikononi mwake nyama hiyo inaacha kuwa kitu cha ajabu ulichokuja nacho kutoka mjini, inakuwa nyama ya kikao.

Nimesema tuanzie kwa akina mama wa samaki, na hilo lina upande wa fedha. Nundu ya kilo tatu hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake kwenye moshi. Anayepanga bei kwa uzito wa bucha atafilisika ndani ya mwezi. Ipimwe baada ya kuiva, ikatwe mteja akiwa anaangalia, gramu 200 kwa gramu 200, na isitolewe kwenye deli ila kwa oda. Stendi ya Bunda iko kwenye barabara kuu ya Mwanza, Musoma na Sirari, mabasi yanasimama mchana kutwa, na abiria wanakula mishkaki iliyopoa na mayai ya kuchemsha. Mama mwenye jiko la samaki tayari ana moto, wavu, mikono inayojua, na wateja wanaoiamini pua yake. Wakati ambapo sangara hapatikani, au bei yake imepanda kiasi cha kumfukuza sokoni, jiko lile hukaa baridi. Vijana wanaoanza kupika nyama ya moshi Musoma wamwajiri kwa mshahara au waingie naye ubia wa maandishi, wapande mipera nyuma ya jiko tangu mwaka wa kwanza, na jiko lijengwe na bomba la kutolea moshi juu ya kichwa chake, kwa sababu macho na mapafu yake yameshalipia ujuzi huu miaka mingi.